Mkono Uchorao na Mkono Uchimbao

Mji wa Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, wilaya ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga hata ulipoundwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012, umeketi mahali ambapo milki mbili za picha zinapakana. Upande wa magharibi na wa kaskazini imetandaa nchi ya Wasukuma, wakulima na wafugaji, ambao miongoni mwao wachezaji wa nyoka walikuwa na desturi ya kuzipamba kwa picha kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo. Upande wa mashariki na wa kusini, ukizipita mbuga za Wataturu na mapori ya Wahadzabe hata bonde la Ziwa Eyasi na mto Sibiti, na ukiendelea mpaka Isanzu, Iramba, Singida na Kondoa, unayakuta majabali ambayo watu wa zama za mbali waliyachora wanyama na watu kwa rangi nyekundu, na wengine waliokuja baadaye wakachora juu yake kwa rangi nyeupe. Mwenyeji wa Meatu, basi, amezaliwa baina ya ukuta wa udongo na ukuta wa jiwe, na kuta zote mbili zimewahi kusema naye.

Elimu ya mambo ya kale, ambayo wasomi wetu huiita akiolojia, ilipoingia katika nchi hizi iligawa kazi kwa namna ambayo athari yake haijafutika: mgeni alikuwa msomi na mwandishi, mwenyeji alikuwa mchimbaji, mpagazi na mwonyesha njia, na mchoraji mwenyeji, ambaye alijua rangi hupatikana wapi, husagwa vipi, na picha huchorwa kwa sababu gani, aliwekwa katika daraja la mtoa habari, aulizwe, ajibu, kisha aende zake. Nauona mgawanyo huo kuwa ni hasara kubwa kwa elimu yenyewe kabla ya kuwa dhuluma kwa watu, kwa maana picha ya kale haifunguki kikamilifu ila mbele ya jicho lililozoea kuchora na moyo unaoijua mila iliyoizaa.

Wasukuma walikuwa na vyama vingi vya siri na vya ngoma. Palikuwa na Bagika na Bagalu, ambao mashindano yao ya ngoma yamevuta umati wa watu kila baada ya mavuno tangu mwishoni mwa karne ya 19. Palikuwa na wawindaji wa nungunungu. Palikuwa na Baswezi, watu wa mizimu. Na palikuwa na Bayeye, ambao chama chao huitwa Buyeye, mabingwa wa kukamata nyoka, kucheza nao mbele ya hadhara, na kutibu sumu yao. Asiyeijua nchi hii aweza kudhani kuwa Buyeye ulikuwa mchezo tu wa kushangaza watazamaji. Lakini katika mbuga ambamo swila, kifutu na koboko hukaa katika nyasi na mashimo ya mchwa, na ambamo mkulima hupalilia miguu mitupu mwendo wa siku nzima kutoka kwenye hospitali, chama kilichohifadhi maarifa ya nyoka na dawa zake kilikuwa nguzo ya uhai wa watu. Chatu aliyezungushwa shingoni mwa mchezaji alikuwa ni sehemu ya nje tu ya elimu ambayo ndani yake mlikuwa na miti, mizizi, nyimbo, viapo na historia ya waasisi.

Elimu hiyo ilifunzwa ndani ya nyumba. Mwanafunzi aliyekubaliwa aliingizwa katika nyumba ya chama, na mle, juu ya ukuta uliokandikwa udongo, alikutana na picha: nyoka waliojikunja na walionyooka, watu, wanyama, na viumbe vya simulizi za chama ambavyo hakuna aliyepata kuviona porini. Rangi zake zilikuwa chache na zote zilitoka katika ardhi na jiko la nchi ile ile, yaani nyeupe ya udongo mweupe, nyeusi ya mkaa na masizi, na nyekundu ya udongo mwekundu. Mwalimu aliposimulia alionyesha kwa kidole, na mwanafunzi alipokuwa akikariri aliyaegemeza maneno yake juu ya umbo alilolitazama. Hivyo ukuta ulikuwa kwao kama msahafu ulio wazi, ambao asiyefundishwa huuona wote asiusome hata mstari mmoja. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wako waliosema, na hata leo wapo wasemao, kwamba watu wa bara hawakuwa na sanaa ya uchoraji, bali ngoma na hadithi tu. Wasemao hivyo hawakupata kufunguliwa mlango.

Mtu aliyefunguliwa mlango akaandika alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna mwaka 1888, ambaye jina lake la awali lilikuwa Hans Koritschoner, na ambaye aliishi Tanganyika miaka mingi hata akawa mtaalamu wa serikali wa mila na sheria za wenyeji. Mwaka 1946 alichapisha makala juu ya chama cha Buyeye, na mwaka 1953, mwaka ule ule kilipotoka kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma, kilitoka London kitabu chake kingine chenye picha za kuta za wachezaji wa nyoka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, alitoa kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumiwa kufundishia vijana katika mafunzo ya jando na unyago, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cory alifariki mwaka 1962. Fadhila yake haikanushiki, kwani ukuta wa udongo hauna umri mrefu: mvua ikipenya paa, au mchwa wakipanda, au mwenye nyumba akifa na warithi wakahama, picha huanguka pamoja na udongo wake, na kama si kalamu ya Cory nyingi kati ya zile zilizonakiliwa zisingejulikana leo hata kwa wajukuu wa waliozichora. Hata hivyo, pamoja na shukrani hiyo, lazima isemwe kwamba jina ambalo wasomi wanalitamka wanapozitaja picha za Bayeye ni jina la mkusanyaji. Mchoraji, ambaye alikuwa mganga, mwalimu, msimulizi na mjuzi wa madini ya rangi kwa wakati mmoja, ameingia katika maktaba akiwa ni kabila, si mtu mwenye wasifu wake.

Upande wa pili wa Meatu, kwenye majabali, mambo yalikwenda kwa mwendo wa namna hiyo hiyo. Daktari Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifanya misafara yake katika nchi ya Eyasi baina ya 1934 na 1939. Mwaka 1935 yalipatikana ukingoni mwa ziwa mabaki ya fuvu la mtu wa kale. Margit, mkewe, alichimba katika pango la Mumba. Na mwaka 1939 ulipatikana Garusi, mahali ambapo leo pajulikana sana kwa jina la Laetoli, mfupa wa taya la juu la kiumbe wa zama za mbali mno. Kohl-Larsen alinakili picha za majabali akazitolea vitabu, na akaandika simulizi za Wahadzabe, na sehemu kubwa ya vitu alivyovikusanya ilisafirishwa Ujerumani. Pango lile la Mumba, ambalo Michael Mehlman alilichimba upya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, limeonyesha kuwa watu walilikaa tangu takriban miaka 130,000 iliyopita, na katika tabaka zake zimetoka shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Mtu aliyekaa chini akatoboa ganda la yai, akalisugua mpaka likawa duara, akalitunga katika uzi, alikuwa fundi wa uzuri zamani za kale sana kabla ya kujulikana neno lolote la kumwitia fundi huyo.

Hapa yafaa nimtaje mwanamke mmoja ambaye, ingawa hakuwa mwenyeji wa nchi hii kwa kuzaliwa, maisha yake yanathibitisha hoja yangu kuliko maneno mengi. Mary Leakey alizaliwa London mwaka 1913, binti wa mchoraji Erskine Nicol, na utotoni mwake alitembezwa na baba yake katika mapango ya Ufaransa yenye picha za kale. Hakusoma chuo kikuu akapata shahada. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora. Kwa mkono huo alipata kazi ya kuchora zana za mawe za Fayum nchini Misri kwa ajili ya kitabu cha Gertrude Caton-Thompson, na kwa mkono huo huo akajulikana na Louis Leakey, aliyekuja kuwa mumewe. Alifika Tanganyika mwaka 1935, akaziona picha za Kondoa, na hakuzisahau. Mwaka 1951 alirudi akakaa miezi kadhaa katika mapango ya Kolo na Kisese, akilaza karatasi angavu juu ya jabali na kufuata kila mstari kwa kalamu, kisha akizipunguza nakala hizo na kuzipaka rangi kwa kipimo. Kitabu chake juu ya picha hizo kilitoka mwaka 1983, baada ya dunia kumjua kwa fuvu alilolipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na kwa nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978 na 1979, ambazo zilikanyagwa katika majivu ya volkeno miaka milioni 3.6 iliyopita, katika nyanda za mashariki ya Meatu.

Msomaji aangalie kwamba kunakili kule hakukuwa kazi ya karani. Mtu anayeitazama picha ya jabali kwa kupita huona doa jekundu. Anayeifuata kwa kalamu, unene wa mstari kwa unene wa mstari, hulazimika kuamua ni mstari upi uliotangulia na upi uliofuata, mnyama yupi yuko chini na yupi amepandishwa juu yake, wapi mchoraji alisita na wapi aliteremka kwa mkono mmoja bila kuinua. Huko ndiko kuchimba. Tabaka za picha juu ya jiwe zina mpangilio wake kama tabaka za udongo katika shimo, ila jembe lake ni jicho la mchoraji. Ndiyo maana ilikuwa dhahiri kwake kwamba nyekundu nyingi nyembamba ni za kale na nyeupe nene aghalabu ni za baadaye.

Lakini Mary Leakey alikomea pale ambapo mgeni yeyote hana budi kukomea. Aliweza kusema picha ipi imetangulia. Hakuweza kusema kwa yakini ilichorwa ili iweje. Mlango huo ulifunguliwa kidogo na mtu aliyekaa na wenyeji akawasikiliza, Eric ten Raa, ambaye mwaka 1971 alieleza jinsi Wasandawe walivyokuwa wangali wanazijua baadhi ya picha na sababu zake, wakizihusisha na uwindaji na ngoma yao ya mizimu iitwayo simbo. Na Kolo kwenyewe, katika pango la Mungumi, Warangi hawajaacha kuomba mvua na uponyaji mbele ya picha ambazo watalii huzitazama kama mabaki ya waliokufa. Shirika la UNESCO lilipoyaingiza majabali ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 lilitambua mambo mawili kwa pamoja, ukale wa picha na uhai wa ibada.

Je, amepata kuwako mahali popote mchoraji mwenyeji aliyeyaunganisha haya, akawa na mkono wa Mary Leakey na ulimi wa Wasandawe? Alikuwako, ila mbali sana nasi. Fred Kabotie, mtu wa taifa la Wahopi katika jangwa la Arizona, Marekani, alizaliwa mnamo mwaka 1900 katika kijiji cha Shungopavi, akapelekwa na serikali katika shule ya wenyeji huko Santa Fe, shule ambayo ilikusudiwa kumsahaulisha ukwao, naye badala ya kusahau akaanza kuchora ngoma za dini za kwao kwa kumbukumbu na hamu. Akawa mchoraji mwenye sifa. Kisha Chuo Kikuu cha Harvard kilipochimba magofu ya Awatovi, kijiji cha kale cha Wahopi, kuanzia mwaka 1935 hadi 1939, zilionekana ndani ya vyumba vya ibada vya chini ya ardhi picha zilizochorwa juu ya lipu ya udongo, tabaka juu ya tabaka, kwani wazee wa zamani walipomaliza ibada waliifunika picha kwa lipu mpya wakachora nyingine. Aliyetakiwa kuzinakili kwa ukubwa wake ni Kabotie, na nakala zake zilionyeshwa New York mwaka 1941. Mwaka 1945 akapewa ruzuku ya Guggenheim ili azichunguze nakshi za vyungu vya kale vya watu wa Mimbres, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake mwenyewe, chenye jina lake mwenyewe jaladani, akizifasiri nakshi hizo kwa mila ya Wahopi. Alifariki mwaka 1986.

Nimemtaja Kabotie kwa urefu kwa sababu ukuta wa Awatovi na ukuta wa Bayeye ni ndugu. Kuta zote mbili ni za udongo, zote ziko ndani ya nyumba ya siri, rangi zote ni za ardhi, na picha zote zilichorwa ili kufunza waliokubaliwa na kuwaficha wasiokubaliwa. Tofauti iko katika hatima. Ule wa kwanza ulipata mwana wa nyumba aliyeusoma, akajua kipi kinafaa kutangazwa na kipi kinafaa kubaki baina ya watu wa kwao. Huu wa pili ulipata mgeni mwema. Na hilo la kujua kipi kisitangazwe si jambo dogo. Mwanachama wa Buyeye aliyekula kiapo hawezi kuyamwaga mambo yote mbele ya mgeni, naye mgeni, kwa kutojua kipimo cha kilichofichwa, huandika nusu akiita nzima.

Isidhaniwe kuwa Afrika Mashariki haikutoa mabingwa wa kuchimba. Heselon Mukiri wa Kenya alifanya kazi na Louis Leakey tangu miaka ya 1920, na mwaka 1993 jina lake lilipewa spishi ya nyani wa kale, Proconsul heseloni. Kamoya Kimeu alilipata taya la Peninj karibu na Ziwa Natron mwaka 1964, na mwaka 1984 akauona huko Nariokotome mfupa wa kwanza wa yule kijana wa Turkana aliye mashuhuri. Amini Mturi wa Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania alichimba mwaka 1973 kando ya Ziwa Ndutu, kwenye mpaka wa Serengeti na Ngorongoro, jirani kabisa na nchi ya Simiyu, akalitoa fuvu ambalo lina heshima katika kila kitabu cha asili ya binadamu. Na katika elimu ya picha zenyewe, Fidelis Masao, aliyepata kuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa, alichunguza majabali ya Tanzania ya kati na kuchimba chini yake, mojawapo likiwa la Kwa Mwango huko Isanzu, ng'ambo tu ya mto Sibiti ukitoka Meatu. Kitabu chake kilichapishwa Wiesbaden mwaka 1979 na hakuna awezaye kuandika juu ya picha hizo asikitaje. Mwaka 1985 mafunzo ya akiolojia yakaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo vijana wetu wamechimba kwa jina lao.

Kwa hiyo mkono uchimbao tumeupata, na ni wetu. Mkono uchorao tunao tangu awali. Kilichosalia ni kuikutanisha katika mwili mmoja, na wakati si mwingi. Nyumba za msonge zimekuwa chache, bati na tofali zimechukua nafasi ya nyasi na udongo, na Bayeye wacheza nyoka katika sherehe wanaonekana bado, lakini ukuta wenye picha umekuwa adimu kuliko mchezo. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alisaidia kuanzisha makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa mwaka 1968, ambamo vyama vya ngoma vina nyumba yao na kumbukumbu yao. Hiyo ni hifadhi yenye thamani, lakini Bujora ni mbali na Mwanhuzi, na picha iliyohamishwa kwenda makumbusho imeshaachana na mwalimu aliyeionyesha kwa kidole. Majabali nayo yana maadui zake: wako wapasuao mawe kwa kokoto, wako waandikao majina yao juu ya twiga wa kale, na huko Kondoa wako waliochimba usiku chini ya picha wakitafuta hazina wanayodhani Wajerumani waliizika, wakazivuruga tabaka ambazo zingetueleza umri wa rangi. Hazina hawakuipata.

Maoni yangu ni kwamba sheria peke yake haitoshi kuzilinda kuta hizi. Tanganyika ilikuwa na sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1937, na Tanzania ikaitunga upya mwaka 1964 na kuirekebisha 1979, na bado jabali lisilo na mtu wa karibu anayelijua hupasuliwa. Kinacholinda picha ni mtu anayeweza kuisoma akiwa anaishi jirani nayo, na mtu huyo haletwi kwa amri.

Nawasihi basi walimu wa Meatu, na wazee wa Buyeye walio hai, na wale wenye dhamana ya elimu katika mkoa wa Simiyu. Mtoto anayechora ng'ombe kwa mkaa ukutani mwa darasa asichapwe kwa kuuchafua ukuta kabla hajaulizwa kama anataka kujifunza. Apelekwe kwa mzee anayejua udongo mwekundu mzuri unachimbwa wapi, kisha apelekwe Dar es Salaam akajifunze kupima tabaka na kusoma miaka ya mkaa, na akirudi apewe karatasi, rangi na gari la kumfikisha Eyasi na Isanzu. Nao wazee, katika yale ambayo kiapo chao kinayaruhusu, wamwambie yeye kwanza, kabla ya mgeni yeyote, na kitabu atakachokiandika kitoke kwa Kiswahili na jina lake liwe juu ya jalada.